Safari Mbili za Tepu za Kingston

Siti binti Saad alipotakiwa sauti yake itiwe katika santuri, ilimpasa asafiri yeye mwenyewe. Mwaka 1928 alipanda meli Unguja pamoja na wenziwe wapigaji, wakavuka bahari mpaka Bombay, kwa sababu mashine ilikuwa huko, wala haikuwapo njia ya kuipeleka sauti peke yake. Huko waliimba na kupiga kwa wakati mmoja mbele ya mashine. Mwenye ala ya kishindo aliwekwa mbali kidogo, mwenye sauti ndogo akasogezwa, na vile sauti zao zilivyokaa pamoja saa ile ndivyo zilivyobaki milele. Ikiwa udi ulimezwa na ngoma, umemezwa; hakuna fundi wa Bombay wala wa London ambaye angeweza kuutoa tena.

Hali hiyo ilibadilika baada ya Vita Kuu ya Pili, ilipoenea tepu ya sumaku, na hasa katika miaka ya 1960, zilipopatikana mashine za kuigawa tepu moja katika njia kadha wa kadha. Tepu yenye upana wa inchi moja iligawanywa njia 8; ile ya inchi mbili, njia 16. Gitaa la besi lilikaa katika njia yake, ngoma katika yake, mwimbaji katika yake, na kila njia iliweza kusikizwa peke yake, kupandishwa, kushushwa, kunyamazishwa, au kufutwa na kunaswa upya bila kuzigusa nyingine. Basi kazi iliyokuwa moja ikawa mbili: kwanza kuzinasa sauti, kisha kuzichanganya. Kazi ya kwanza ilimtaka mwanamuziki awepo. Ya pili haikumhitaji. Ilimhitaji fundi, meza yake ya mitambo, na tepu yenyewe. Na tepu ni kitu cha kuchukuliwa kwapani. Gurudumu moja lenye futi 2,500, likizungushwa kwa mwendo wa inchi 15 kwa nukta, huchukua muziki wa dakika 33 hivi. Kwa mara ya kwanza sauti ya mtu iliweza kuvuka bahari ingali mbichi, haijaamuliwa itakuwaje, na mwenyewe akabaki nyumbani.

Kisa kinachofaa sana kutazamwa katika habari hii ni kile cha kundi la The Wailers wa Jamaika. Bob Marley, Peter Tosh na Neville Livingston, ambaye wengi humjua kwa jina la Bunny Wailer, walianza kuimba pamoja katika mtaa wa Trench Town, Kingston, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye waliungana na ndugu wawili, Aston Barrett mpigaji besi na Carlton Barrett mpigaji ngoma. Katika muda wa miaka kama kumi walikuwa wametoa nyimbo nyingi zilizopendwa mno kisiwani, na mfukoni hawakuwa na kitu. Sababu yake yaeleweka upesi mtu akiitazama desturi ya biashara ya huko. Mtayarishaji ndiye aliyekodi studio, akawalipa waimbaji na wapigaji ujira wao siku ile ile, akaondoka na tepu. Tangu saa hiyo tepu ilikuwa mali yake. Aweza kuitoa kwa jina alilolitaka, kuiuza Uingereza, au kuweka sauti ya mwimbaji mwingine juu ya mapigo yale yale, wala aliyepiga hakuulizwa.

Mwaka 1972 The Wailers walikuwa London, kazi waliyoifuata haikuwafikisha mbali, na nauli ya kurudi kwao ilikuwa taabu. Ndipo walipokwenda kwa Chris Blackwell. Bwana huyu alizaliwa London mwaka 1937, akalelewa Jamaika katika jamaa ya watu wenye mali, na mwaka 1959 alianzisha huko kampuni ya santuri ya Island, ambayo aliihamishia Uingereza mwaka 1962. Aliwapa paundi 4,000 wakarekodi sahani ndefu nzima, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wanamuziki wa rege, kwani rege iliuzwa kwa sahani ndogo za nyimbo mbili. Kwa masimulizi yake mwenyewe, watu wa biashara hiyo walimwambia kwamba fedha zake amezitupa. Hawakumjua Marley. Walirudi Kingston, wakafanya kazi katika studio za Dynamic, Harry J na Randy's, na nyimbo zikanaswa katika mashine za njia 8.

Kisha Marley alizichukua tepu hizo akasafiri nazo mpaka London, mwendo wa kilomita kama 7,500. Wenzake walibaki Jamaika. Ni vyema msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana mengi yaliyofuata yanatokana nalo.

Studio ya Island ilikuwa katika mtaa wa Basing, Notting Hill, ndani ya jengo lililokuwa zamani kanisa. Huko tepu za njia 8 zilinakiliwa katika tepu ya njia 16, na kwa hesabu nyepesi zikapatikana njia 8 tupu zisizo na kitu. Nafasi hizo tupu ndizo zilizoleta mjadala wote. Blackwell aliona kwamba muziki ni mzuri, lakini wasikilizaji aliowakusudia walikuwa vijana wa Uingereza na Marekani waliozoea roki, ambao walipenda wimbo mrefu, gitaa lenye kujitokeza peke yake katikati, na vinanda vyenye sauti ngeni. Alimwita Wayne Perkins, mpigaji gitaa kutoka Alabama, na John Bundrick, mpigaji vinanda kutoka Texas ambaye watu humwita Rabbit. Fundi wa mitambo alikuwa Tony Platt. Perkins aliweka gitaa lake katika nyimbo tatu, mojawapo ikiwa "Concrete Jungle" ambayo ndiyo hufungua sahani. Nyimbo nyingine zilirefushwa, na mbili kati ya 11 zilizoletwa ziliachwa nje kabisa.

Perkins amesimulia zaidi ya mara moja namna alivyopotea siku ile. Hakuwa amepiga rege maishani mwake, na aliposikiliza tepu hakuweza kujua pigo la kwanza liko wapi. Hilo si ajabu. Katika roki pigo la kwanza la kila kipimo ndilo nguzo, na msikilizaji huliegemea bila kufikiri. Katika mapigo ya Carlton Barrett pigo la kwanza mara nyingi huachwa tupu, na ngoma kubwa huanguka katika la tatu. Mgeni wa mapigo hayo huwa kama mgeni wa lugha anayesikia maneno yote lakini hajui neno moja linakwisha wapi na la pili linaanza wapi, kwa kuwa mkazo hauko mahali alipouzoea. Mtu aliyekulia katika Kiswahili, ambacho mkazo wake hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, huyakata vibaya maneno ya Kifaransa kwa sababu hiyo hiyo. Blackwell alimshauri Perkins asiyafuate mapigo ya besi na ngoma, ashike uzi mwingine. Alifanya hivyo, na Marley, aliyekuwapo pale studio, alifurahi sana alipousikia mpigo uliomaliza "Concrete Jungle".

Sahani ilitoka mwezi wa Aprili 1973 kwa jina la "Catch a Fire", ndani ya jalada lililotengenezwa mfano wa kiberiti cha chuma, lenye kufunguka kwa bawaba. Jalada hilo lilitolewa kwa nakala 20,000 tu, maana lilikuwa ghali na kazi yake ilikuwa ya mkono. Mauzo ya mwanzo hayakuwa makubwa. Lakini waandishi wa habari za muziki waliisifu, na kundi likaanza kualikwa mahali ambapo rege haikuwahi kualikwa. Jina lililoandikwa katika toleo hilo la kwanza lilikuwa la The Wailers. Katika toleo lililofuata jalada lilibadilishwa, ikawekwa picha ya Marley peke yake, na jina likawa Bob Marley na The Wailers. Bunny Wailer alikuwa amekwisha kuacha kusafiri na kundi mwaka 1973, na Tosh alijitenga mwaka uliofuata.

Je, yafaa kusema kwamba kazi ya Kingston iliporwa London? Wako wanaosema hivyo, na hoja yao si ya kupuuzwa: waliomwongezea mtu maneno kinywani mwake walikuwa watu wasioijua lugha yake. Lakini hoja hiyo huusahau ukweli mmoja, kwamba Marley alikuwa pale, akasikia, akaridhia. Alikuwa mtu wa miaka 27, amekwisha kudhulumiwa mara nyingi, na alijua anachokitafuta. Jambo zito zaidi ni jingine. Kundi lilikuwa la watu watatu waimbaji na wawili wapigaji, na ridhaa iliyopatikana Basing Street ilikuwa ya mmoja. Tosh alitunga na kuongoza nyimbo mbili za sahani ile. Ndugu wawili Barrett ndio waliokuwa msingi wa kila wimbo, ingawa katika "Concrete Jungle" besi ilipigwa na kijana Robbie Shakespeare. Kwa ufundi, tepu haijui wenyewe ni wangapi. Huyatii mikono ya aliye nayo. Aston Barrett aliendelea kudai haki ya kazi yake miaka mingi baadaye, mpaka Mahakama Kuu ya London ikayakataa madai yake mwaka 2006.

Wasomi wa ushairi wa Kiswahili hawatakuwa wageni wa mambo haya. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikusanywa katika karne ya 19 na Mwalimu Sikujua pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, kutoka katika vinywa vya watu na karatasi zao. Makaratasi hayo yakafika London. Na mwaka 1940 W. Hichens akayatoa kitabu kilichopigwa chapa Johannesburg. Mshairi alikuwa amekufa miaka mia moja. Mpangilio wa mashairi na sherehe zake, yote yalipita katika mikono ya watu waliokuwa mbali na Mombasa, na bila mikono hiyo huenda mengi yasingetufikia. Tofauti ni kwamba mhariri wa diwani huwajibika kuonyesha alipogusa. Fundi wa studio hana wajibu huo. Sahani ya 1973 haikumwambia mnunuzi kwamba gitaa lile halikupigwa Kingston, wala haikuwataja Perkins na Bundrick kwa namna ambayo msikilizaji wa kawaida angetambua kazi yao. Mpaka mwaka 2001, kampuni ilipotoa sahani mbili pamoja, moja yenye nyimbo 11 kama zilivyotoka Jamaika na nyingine yenye zile 9 za London, hapakuwa na njia ya watu wote kupima. Waliozipima hawakukubaliana. Tepu za Jamaika ni kavu na nzito zaidi, sauti tatu za waimbaji zinakaa karibu, na pale ambapo London iliweka gitaa, Kingston ilikuwa imeacha nafasi.

Nafasi hiyo yastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba Jamaika ilikuwa na waimbaji na London ilikuwa na mafundi. Si kweli hata kidogo. Katika mwaka ule ule wa 1972, tepu zilikuwa zikihamishwa kutoka studio moja hadi nyingine ndani ya Kingston yenyewe, na kazi iliyofanywa nazo ilikuwa ya ujasiri kuliko ile ya Basing Street.

Katika mtaa wa Waterhouse aliishi Osbourne Ruddock, aliyezaliwa mwaka 1941 na kujulikana kwa jina la King Tubby. Kazi yake ya asili ilikuwa kutengeneza redio na vyombo vya umeme. Alikuwa pia na mitambo yake ya kupigia muziki katika dansi za mitaani, na vipaza sauti vyake vilisifiwa kwa uwazi wa sauti. Katika nyumba namba 18 ya Dromilly Avenue alitenga chumba kuwa studio. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, hakikuweza kulichukua kundi zima la wapigaji. Mwimbaji mmoja aliweza kusimama ndani yake na kutia sauti. Basi ilikuwa lazima mapigo yaletwe kutoka kwingine. Watayarishaji, na hasa Bunny Lee, walinasa wapigaji katika studio kubwa za mjini kama Randy's na Dynamic, kisha wakaichukua tepu mpaka Waterhouse ili Tubby aichanganye. Meza yake ya mitambo aliinunua kutoka studio ya Dynamic, Bunny Lee akiwa kati katika ununuzi huo. Ilikuwa ya njia 4. Kwa vipimo vya London wa siku zile ilikuwa chombo kilichokwisha kupitwa.

Upungufu wa njia haukumzuia, labda hata ulimsaidia. Blackwell alipata njia tupu akazijaza. Tubby alipata njia zilizojaa akazitupu. Aliiondoa sauti ya mwimbaji isipokuwa neno moja moja, akalitupia mwangwi likarudi likififia, akaliacha gitaa liguse mara moja na kutoweka, akabakiza besi na ngoma zikitembea peke yake kama watu wawili usiku. Katika meza yake kilikuwamo kipini kikubwa cha kuchuja sauti nzito, naye alikizungusha wimbo ukiendelea, hata ngoma zikasikika kama karatasi inayochanwa. Hayo yote aliyafanya kwa mkono, wakati ule ule tepu inapozunguka. Na akirudia wimbo uo huo, mchanganyo wa pili haukufanana na wa kwanza. Muziki huo uliitwa dabu. Uliwekwa katika upande wa pili wa sahani ndogo, na vijana wa mitaani walizungumza kwa mashairi ya papo hapo juu yake.

Hapa lugha yetu ina jambo la kusema. Mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi husema kumiksi, na neno hilo limekwisha kuzoeleka. Wenye kupenda usanifu husema kuchanganya sauti. Lakini kuchanganya ni kutia pamoja vitu hata visitofautike, kama chokaa na mchanga, nayo ni sehemu moja tu ya kazi. Kiswahili kina neno la pili lenye asili hiyo hiyo, kuchanganua, ambalo kiini chake cha kutendua ni kile kinachoonekana katika funga na fungua, kunja na kunjua. Wanasarufi hulitumia kwa kuvunja sentensi katika sehemu zake ili zionekane. Kazi ya Tubby ilikuwa hiyo. Msikilizaji aliyeujua wimbo alionyeshwa mifupa yake, na aghalabu alishangaa kwamba alikuwa akiipenda mifupa siku zote pasipo kujua.

Mfano ulio bora ni sahani ndogo ya Augustus Pablo, "King Tubbys Meets Rockers Uptown", iliyoenea ulimwenguni katikati ya miaka ya 1970. Mapigo yake yalinaswa Randy's, studio mojawapo ya zile zilizopeleka tepu za The Wailers London, na mpigaji ngoma ni Carlton Barrett yule yule. Juu yake palikuwa na wimbo wa Jacob Miller. Tepu ilipofika Waterhouse, uimbaji wa Miller ulibaki vipande tu, na vipande hivyo ndivyo watu wanavyovikumbuka.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba safari hii fupi ilikuwa ya haki kuliko ile ndefu. Sababu mojawapo iliyoipa dabu nguvu ilikuwa uchumi wa senti na shilingi. Mapigo yaliyolipiwa mara moja yaliweza kutumika mara kumi au ishirini, kila mara yakichanganywa upya na kuuzwa kama sahani mpya. Mpigaji ngoma hakulipwa mara ishirini. Carlton Barrett alisikika katika mitaa yote ya Kingston kwa kazi ambayo ujira wake ulikwisha kuliwa zamani. Kwa upande wa mali, Waterhouse na Basing Street zilifanana. Zilitofautiana kwa upande wa sikio. Yule aliyekaa mbele ya meza Waterhouse alijua pigo la kwanza liko wapi, kwa hiyo aliweza kuliondoa.

Katika Afrika Mashariki ya miaka ile swali hili halikujitokeza kwa namna hiyo. Bendi za Tanzania zilirekodi kwa kawaida katika studio ya Radio Tanzania, wote wakipiga pamoja, na uwiano wa sauti uliamuliwa pale pale na fundi wa redio kabla ya tepu kujaa. Kilichosafiri kilikuwa kimekwisha kuamuliwa: tepu ilikwenda Nairobi, ambako kulikuwa na kiwanda, nayo ilirudi ikiwa sahani. Wapigaji walilalamika juu ya malipo, na kwa haki, lakini hawakulalamika kwamba wamewekewa gitaa la mtu wasiyemjua. Tepu zilizohifadhiwa redioni kwa sababu hiyo ni ushahidi mwaminifu wa yaliyotendeka chumbani siku ile, pamoja na makosa yake. Mtafiti wa leo anayetaka kujua besi ilipigwa kwa nguvu gani mwaka 1973 anaweza kuziamini kuliko sahani nyingi za Ulaya.

Marley aliendelea kupitisha kazi zake kwa Island mpaka alipofariki mwezi wa Mei 1981, mwaka mmoja baada ya kupiga Salisbury katika usiku wa uhuru wa Zimbabwe. Tosh na Carlton Barrett waliuawa Jamaika mwaka 1987, na King Tubby alipigwa risasi nje ya nyumba yake mwezi wa Februari 1989. Bunny Wailer alifariki mwaka 2021 na Aston Barrett mwaka 2024. Meza ile ya njia 4, iliyotoka Dynamic ikaenda Waterhouse, nayo ilisafiri baadaye. Ilichukuliwa mpaka Seattle, Marekani, ikawekwa katika jumba la makumbusho ya muziki, imezimwa.